MZIGO WA KODI NA UTAZAME BEGA



Tulipokutana Wote hivi karibuni kwa habari ya mishahara, mazungumzo yaliacha njia yakawa ugomvi wa kodi. Mwenzetu mmoja, mfanya kazi wa dukani, aliinua hati yake ya mshahara akasema, "Sisi tulioandikwa ndio tunaoibeba Serikali. Hawa wa bodaboda na wa sokoni hawalipi kitu." Mama mmoja muuza maembe, aliyekuja kumngojea mumewe, alikuwa amesimama mlangoni. Akajibu, "Mwanangu, mimi nimelipa tangu alfajiri. Nimelipa kizuizini, nimelipa sokoni, na sabuni hii niliyonunua nayo imelipiwa. Tofauti yetu ni kwamba wewe umepewa karatasi." Watu walicheka. Mwenzetu hakucheka, na tulipofika nyumbani nasi hatukuona tena la kuchekesha.

Tumeona yafaa kuandika habari hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, maneno ya mwenzetu husemwa katika kazi nyingi, kutoka Mwingi mpaka Mtito Andei, nayo hutugawa sisi na ndugu zetu wasioandikwa. Ya pili, yule mama alisema kweli. Hapa kwetu ni nadra kuona nyumba inayoishi kwa hati ya mshahara peke yake. Mume ni karani, mke analima ndengu, kijana anaendesha pikipiki, na shangazi ana meza sokoni. Ukimtoza mmoja wao isivyo haki umeitoza nyumba nzima. Na wakigombana wenyewe kwa wenyewe, anayepumzika ni yule ambaye wote wangepaswa kumwuliza swali.

Kwanza tuseme wazi, ili tusisingiziwe. Sisi hatupingi kodi. Hospitali haijengwi kwa nyimbo, wala mwalimu halipwi kwa shukrani. Tunalotaka ni lile lililoandikwa katika Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 201. Hapo pameandikwa kwamba mzigo wa kodi utagawanywa kwa haki, na kwamba matumizi ya fedha za umma yatakuza maendeleo ya usawa nchini. Neno la kwanza ni la kuchukua, neno la pili ni la kurudisha. Kwa vipimo hivi viwili tutapima hali yetu ya Kitui na Makueni.

KODI ILIYOHESABU VIBANDA

Wazee wetu waliijua kodi kabla ya kujua faida yake. Mwaka 1901 Serikali ya Waingereza ilianza kutoza kodi ya vibanda, na baadaye, mwaka 1910, ikaongeza kodi ya kichwa. Kodi hiyo haikuuliza mtu ana nini. Kibanda cha mwenye ng'ombe wengi na kibanda cha mwenye mbuzi wawili vilitozwa sawa. Asiyekuwa na fedha alilazimika kuuza mnyama, au kutoka kwao kwenda kutafuta kazi ya kibarua. Wengi wa Ukambani walifika reli, mashamba na Nairobi kwa njia hiyo.

Kumbe wako waliojua kukataa. Serikali ile ile ilipowaletea walowezi kodi ya mapato mwaka 1921, walipiga kelele, na mwaka 1922 ikaondolewa. Haikurudi mpaka mwaka 1937. Kwa miaka hiyo yote Mwafrika aliendelea kulipa kwa kibanda na kwa kichwa.

Baada ya Uhuru tuliendelea na kodi ya mtu binafsi, ambayo ilipanda kwa kadiri ya mapato, na mtu alitembea na risiti mfukoni. Kodi hiyo iliondolewa mapema miaka ya 1970. Mwaka 1973 ikaja kodi ya mauzo, na mwaka 1990 mahali pake pakachukuliwa na kodi ya ongezeko la thamani, ile tunayoiita VAT. Tangu hapo kodi imehama kutoka kwa mtu ikaingia katika bidhaa. Imejificha ndani ya bei. Haimwombi mtu risiti, lakini haimwachi hata mmoja. Ndiyo sababu mwenzetu aliweza kusema mbele ya muuza maembe kwamba yeye halipi kitu.

NANI ANALIPA, NA KWA KIASI GANI

Tuanze na sisi wenyewe tulioandikwa. Katika miaka ya 2023 na 2024 yaliongezeka makato mawili. La kwanza ni ushuru wa nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara, na tajiri huongeza kiasi hicho hicho. La pili ni mchango wa afya, asilimia 2.75, ulioanza Oktoba 2024, nao ukawekewa sharti kwamba usipungue shilingi 300 kwa mwezi.

Hebu tufanye hesabu. Kibarua wa mji mdogo anapata shilingi 8,600. Ushuru wa nyumba ni shilingi 129. Asilimia 2.75 ya mshahara wake ingekuwa shilingi 236 na senti, lakini sharti linasema 300, basi anakatwa 300. Jumla ni shilingi 429, yaani karibu shilingi 5 katika kila 100. Sasa mtazame bwana wa shilingi 100,000. Ushuru wa nyumba ni 1,500 na afya ni 2,750, jumla 4,250, yaani shilingi 4 na robo katika kila 100. Tena, kwa sheria iliyopitishwa Desemba 2024, makato haya mawili huondolewa katika mapato kabla ya kuhesabu kodi ya mapato. Kwa hiyo bwana huyu, ambaye sehemu ya juu ya mshahara wake hutozwa asilimia 30, anapunguziwa kodi kiasi cha shilingi 1,275. Mzigo wake wa makato haya unashuka mpaka karibu shilingi 3 katika kila 100. Kibarua hafikii kiwango cha kulipa kodi ya mapato, na kwa sababu hiyo nafuu hiyo haimgusi hata kidogo.

Hatusemi kwamba bwana wa shilingi 100,000 halipi. Analipa kodi ya mapato kubwa, na huenda ana wazazi na wadogo zake wanaomtegemea. Tunasema kwamba katika makato haya mawili aliye chini anatoa sehemu kubwa zaidi ya jasho lake kuliko aliye juu. Kodi ya vibanda imerudi kwa mlango wa nyuma.

Sasa tutazame wasioandikwa. Kijana wa pikipiki hana hati ya mshahara, lakini Julai 2023 VAT ya mafuta ilipandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024 ushuru wa kutengeneza barabara ukapandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita. Yeye hulipa shilingi hizo kila anapojaza tangi, kisha anapita katika vumbi na makorongo ya Mutomo au Kyuso akingojea barabara aliyoilipia. Mwenye duka dogo anayeuza kuanzia shilingi milioni 1 kwa mwaka, ambayo haifiki shilingi 3,000 kwa siku, aliongezewa kodi ya mauzo mwaka 2023 kutoka asilimia 1 hadi 3. Na hiyo ni asilimia ya mauzo, si ya faida. Akiuza sukari kwa hasara bado anadaiwa. Mkulima wa maembe na ndengu hulipa ushuru wa mazao njiani kabla hajajua mzigo utauzwa bei gani, na maembe hayangoji, yanaoza.

Mchango wa afya nao humjia mkulima kwa namna ngumu. Sisi hukatwa kidogo kidogo kila mwezi. Yeye, ulipoanza mpango huo, alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, na kiwango cha chini kabisa kilikuwa shilingi 3,600. Fedha za mkulima wa Ukambani hazina mwezi, zina msimu. Mvua za vuli zikikosekana, na za masika kwetu haziaminiki, mwaka mzima umekwenda. Watu wa Makueni wanakumbuka kwamba mpango wa afya wa kaunti yao, ulioenea mwaka 2016, ulitoza shilingi 500 kwa nyumba nzima kwa mwaka. Mtu aliyelipa 500 akaambiwa alete 3,600 atauliza maswali, na si kwa sababu ya ukaidi.

Je, yuko aliyepunguziwa? Yuko. Mwenye nyumba za kupangisha, ambaye kodi anayokusanya kwa wapangaji haizidi shilingi milioni 15 kwa mwaka, alikuwa akilipa asilimia 10 ya fedha hizo. Kuanzia Januari 2024 alishushiwa hadi asilimia 7 na nusu. Ni kweli kwamba haruhusiwi kutoa gharama zake kwanza. Lakini mfanya kazi naye haruhusiwi kutoa nauli, sare wala chakula cha mchana, na kila shilingi ya mshahara inayozidi 32,333 hutozwa asilimia 30 au zaidi. Anayepata kwa jasho hutozwa mara nne ya anayepata kwa matofali. Jambo hili hatukusikia likizungumzwa sana katika mikutano yetu. Tulikuwa tukimzungumza muuza maembe.

TULIOMBA HAKI

Novemba 2023 Mahakama Kuu ilitoa hukumu juu ya ushuru wa nyumba wa mwaka ule. Majaji walisema kwamba kuwatoza walioajiriwa peke yao, na kuwaacha wenye mapato mengine bila sababu ya kutosha, ni ubaguzi. Wengi wetu tulifurahi. Machi 2024 ikaja sheria mpya, na jibu lake lilikuwa kuwatia wote katika ushuru ule, walioandikwa na wasioandikwa.

Hapa pana somo kwetu. Tuliposema "mbona sisi peke yetu?", tulikuwa na maana kwamba mzigo ni mzito kwa mdogo. Serikali ilisikia kwamba tunataka majirani wetu nao watwishwe. Kisha ikawa vile vile, kwa kuwa mwenye hati ya mshahara hukatwa kabla hajagusa fedha, na kumfuata mwenye meza sokoni ni kazi ngumu. Mfanya kazi hatozwi sana kwa kuwa anazo. Hutozwa kwa kuwa anaonekana. Basi siku nyingine tukidai haki ya kodi, tusidai kwa kumnyoshea kidole aliye sawa nasi. Tudai kwa kipimo cha uwezo: mwenye bega pana abebe kingi, mwenye bega jembamba abebe kidogo, awe ameandikwa au hakuandikwa.

MSHAHARA WA KIJIJINI, BEI YA MJINI

Sasa tuje kwenye tofauti ya mahali. Amri ya mishahara ya kima cha chini hugawa nchi mafungu matatu: majiji, miji iliyokuwa manispaa, na mahali pengine pote. Sehemu kubwa ya Kitui na Makueni imo katika fungu la tatu. Kwa amri ya mwaka 2022, kibarua wa Nairobi aliwekewa zaidi ya shilingi 15,200 kwa mwezi, na mwenzake wa fungu la tatu kiasi cha shilingi 8,100. Novemba 2024 wote waliongezwa asilimia 6, na pengo likabaki pale pale. Kazi ni ile ile, fagio ni lile lile, mshahara ni kama nusu.

Wanaotetea jambo hili husema maisha ya kijijini ni rahisi. Waje Mutito wakati wa kiangazi wanunue mtungi wa maji. Sabuni hutoka viwandani Nairobi na Thika, ikifika kwetu imeongezwa nauli, na kodi iliyomo ndani yake haikupunguzwa kwa sababu ya fungu la tatu. Kama Serikali inajua kutofautisha mahali inapoweka mshahara, mbona haijui kutofautisha inapokata? Mtu amewekwa fungu la tatu siku ya kulipwa, na fungu la kwanza siku ya kutozwa.

Matajiri watasema kwamba mshahara ukilinganishwa mara moja, watafunga milango. Neno hilo tumelisikia kila mwaka, lakini hatulidharau, maana miji yetu ni midogo na kazi ni chache. Kwa hiyo twasema: pengo lipunguzwe hatua kwa hatua, na mpaka litakapofungwa, mtu wa kima cha chini asitozwe kana kwamba limefungwa.

FEDHA ZINARUDI WAPI?

Kodi ina miguu miwili, na mguu wa pili ndio unaotuuma zaidi. Mwaka 1965 Serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, ulioeleza mpango wa Ujamaa wa Kiafrika katika Kenya. Waraka huo ulisema fedha za maendeleo zitiwe mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, njia za usafiri na watu walio tayari kwa maendeleo. Ukambani ya nyanda kame haikuwa na mvua ya kuonyesha. Kodi yetu ilipanda mlimani na haikurejea.

Watu wetu hawakukaa kitako. Kina mama wa mwethya walichimba matuta, wakajenga mabwawa ya mchanga katika mito mikavu, na shule zetu nyingi zikasimama kwa harambee. Tunajivunia jambo hilo. Lakini mtu anayelipa kodi dukani, kisha akatoa tofali la harambee, kisha akatoa siku nzima ya jembe bila malipo ili apate maji, amelipa mara tatu kwa kitu ambacho mwingine alikipata kwa kulipa mara moja.

Ugatuzi ulioanza mwaka 2013 umeleta nafuu, na asiyeiona hataki kuona. Lakini mwaka 2020 Seneti ilibishana kwa miezi juu ya namna ya kugawanya fedha kwa kaunti 47. Wengine walitaka mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kwa hesabu iliyoletwa, Kitui na Makueni zilikuwa miongoni mwa kaunti ambazo zingepoteza. Septemba mwaka ule yalipatikana mapatano kwamba fedha zote ziongezwe kutoka shilingi bilioni 316.5 hadi 370, pasiwe na kaunti ya kupoteza.

Shilingi moja kwa mtu mmoja inasikika kama haki. Tuitazame vizuri. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Nairobi ilikuwa na watu 4,397,073 katika eneo la kama kilomita za mraba 700. Bomba la maji likipita mtaa mmoja wa Nairobi hunywesha maelfu. Kwetu bomba hilo hupita vichaka na makorongo kabla ya kukuta nyumba kumi. Shilingi moja ya Kitui hainunui maji sawa na shilingi moja ya Nairobi.

Husemwa pia kwamba kaunti zetu hazileti kodi nyingi. Hesabu hiyo ina kasoro. VAT ya sabuni iliyonunuliwa Mwingi hupelekwa serikalini na kampuni ambayo ofisi yake iko mjini. Kijana wa Kibwezi anayefanya kazi bandarini Mombasa hukatwa kodi huko Mombasa, lakini mama yake yuko Kibwezi na anatafuta dawa Kibwezi. Jasho letu huandikwa kwa jina la mahali pengine, kisha tunaulizwa tumeleta nini.

TUNALOTAKA, NA LINALOTUPASA

Madai yetu ni haya. Sharti la shilingi 300 liondolewe kwa mwenye mshahara mdogo, akatwe kwa asilimia kama wenzake. Mshahara wa kima cha chini usikatwe ushuru wa nyumba. Mkulima alipe ushuru wa mazao mara moja tu, baada ya kuuza, na risiti yake iheshimiwe kila kizuizi. Mchango wake wa afya upokewe kwa msimu. Mapato ya kupangisha na ya mali yasitozwe kwa wepesi kuliko mapato ya kazi. Na mgawo wa fedha kwa kaunti uhesabu umbali, ukame na umaskini, wala usihesabu vichwa peke yake.

Nasi tuna la kufanya. Katika mkutano ule wa Wote tuliuliza ni nani amewahi kwenda kusikilizwa wakati kaunti inapojadili Mswada wake wa Fedha, ambao huletwa kila mwaka na ndio unaopanga ushuru wa soko na wa mazao. Iliinuka mikono mitatu. Tunanung'unika hotelini juu ya sheria ambayo tuliitwa kuisema tusiende. Pia wako miongoni mwetu wenye biashara ya pembeni ambao hawatoi risiti, na papo hapo humwita muuza maembe mkwepa kodi. Nyani haoni kundule.

Kwa hiyo twaomba kila tawi lifanye kazi moja kabla ya mkutano ujao. Kila mwanachama alete hati yake ya mshahara, na alete pia risiti za nyumbani kwake: ya soko, ya kizuizi, ya mafuta, ya duka. Waalikeni wake na waume, na vijana wa pikipiki. Tuziweke juu ya meza moja tuzijumlishe, tujue nyumba moja ya Makueni au ya Kitui hutoa shilingi ngapi kwa mwezi, na imerudishiwa nini. Hesabu hiyo tutaipeleka kwa wakubwa ikiwa na saini zetu, walioandikwa na wasioandikwa pamoja.

Na yule mama wa maembe tumemwalika. Safari hii asisimame mlangoni, apewe kiti.

Umoja ni nguvu.